Unene Wenye Adabu: Kuisoma Cooper Black

Anza na o ndogo. Mwili wake mnene unakaribia duara kamili, na katikati mna tundu dogo kuliko unavyotarajia kwa mwili mkubwa kiasi hicho. Tundu lenyewe limelala: ncha yake ya juu imeelekea kushoto, ya chini kulia. Lisimamishe wima na herufi yote itapoa papo hapo. Utabaki na duara jeusi lenye tobo, kitu ambacho yeyote mwenye bikari angeweza kukichora. Uhai wa Cooper Black umejificha kwenye mlalo huo mdogo, na ndiko uhakiki wake unakopaswa kuanzia, maana wengi wakiitazama fonti hii huona unene tu, wakacheka, wakapita.

Mlalo ule ni urithi wa kalamu. Mwandishi wa mkono wa kulia anayetumia kalamu yenye ncha pana hawezi kutoa duara lenye unene sawa kote: linakonda juu kushoto na chini kulia, linanenepa kwingine. Waliowahi kushika kalamu ya mwanzi kuandika hati za Kiarabu wanalijua jambo hili kwa vidole. Kalamu huamua pa kunenepa, mwandishi hufuata. Herufi za vitabu vya Ulaya zilibeba mlalo huo tangu karne ya 15, hata baada ya kalamu kuachwa na herufi kuanza kusubiwa kwa risasi. Cooper Black, ambayo leo tunaikuta kwenye vifungashio vya vitafunio na fulana za sherehe, imeubeba pia. Fonti hii inachekesha kwa sababu haikuchorwa ili ichekeshe. Ni herufi ya kitabu, yenye malezi yote ya kitabu, iliyoongezwa uzito hadi ikafura, na katika kufura kwake haikuyasahau malezi.

Aliyeichora, Oswald Bruce Cooper, alizaliwa Ohio mwaka 1879, akakulia Kansas, kisha akaenda Chicago akitaka kuwa mchoraji wa picha. Katika shule ya Frank Holme alimkuta Frederic Goudy akifundisha uandishi wa herufi, na picha zikawekwa kando. Mwaka 1904 yeye na Fred Bertsch walianzisha kampuni ya Bertsch & Cooper, wakawa wanaandaa matangazo ya wafanyabiashara. Herufi alizochora kwa mkono kwa ajili ya matangazo ya magari ya Packard ziliivutia kampuni ya American Type Founders kiasi cha kuzigeuza fonti kamili. Ndipo Barnhart Brothers & Spindler, kiwanda cha kusubu herufi cha pale pale Chicago, kilipomtaka awachoree za kwao. Mwaka 1919 ilitoka Cooper Old Style, fonti ya kusomeka, tulivu, yenye miguu ya mviringo. Mwaka 1922 ilifuata nyeusi, Cooper Black.

Mpangilio huo wa miaka ni muhimu. Cooper hakukaa siku moja akasema sasa nichore kitu kinene cha kufurahisha. Alikuwa na herufi ya kusomeka mkononi, akaiongezea mwili. Mfano unaoifaa kazi hiyo ni andazi. Umelikata kwa kisu, pembe zimechongoka. Likiingia kwenye mafuta linaumuka, pembe zinaviringika, mashavu yanatoka, lakini ukilitazama bado unajua kisu kilipita wapi. Fonti nyingi nene za matangazo hazina kisu ndani yake. Zimefinyangwa nene tangu mwanzo, na jicho hulitambua hilo hata pale ambapo mdomo hauwezi kulieleza.

Sasa shuka miguuni. Herufi za vitabu huwa na vijiti vidogo kwenye ncha zake, wenyewe huviita serifu, na kwa kawaida vijiti hivyo huwa bapa chini ili herufi zote zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Cooper Black haina bapa. Kila mguu umeviringwa chini, kwa hiyo herufi inaugusa mstari kwa sehemu ndogo tu ya uvungu wake, pembeni ikiinuka. Mchoraji yeyote wa herufi anajua kwamba o lazima ishuke chini ya mstari kidogo ili ionekane sawa na n iliyo jirani yake. Hapa n nayo ni ya mviringo, h vilevile, na i vilevile. Mstari wa msingi, ule ambao msomaji huuhisi bila kuuona, umelegezwa. Neno linaonekana kama linadundadunda, ilhali ukilipima kwa rula limekaa sawa kabisa. Wanaosema fonti hii ina mchezo wameona kitu cha kweli, ingawa mchezo huo umepatikana kwa hesabu kali ya viringo, na hakuna herufi hata moja iliyorushwa juu au kupindishwa ili kufanya vituko.

Tazama n yenyewe kwa karibu. Mwanya kati ya miguu yake miwili ni mwembamba kuliko mguu mmoja, na chini kule serifu zinakaribiana hadi karibu zigusane. Weusi umeila nafasi. Katika herufi ya kawaida tunasoma weusi juu ya weupe. Hapa weupe umebaki vipande vichache vilivyofungiwa ndani ya weusi, na jicho huanza kuvisoma vipande hivyo kama michoro yenyewe: tundu la o lililolala, ufa wa e, tumbo dogo la a, nukta ya i ambayo ni duara lililobanwa. Ndiyo sababu fonti hii inataka ukubwa. Ikishuka chini ya kiasi cha kichwa kidogo cha habari, vipande vile vinaziba na ukurasa unabaki na madoa.

Hata hivyo kuna jambo unene huo na viringo vile vilifanya ambalo wasomi wa umbo husahau kulitaja, pengine kwa kuwa linanuka wino. Karatasi ya gazeti inanyonya, na wino unatambaa. Herufi ya risasi ikichapa mara nyingi, ncha zake kali huchakaa kwanza, na fonti yenye ncha nyembamba huanza kuonekana mgonjwa. Cooper Black haikuwa na ncha ya kuchakaa. Ilikwisha kuviringwa tangu kiwandani. Wino ukitambaa, herufi inanenepa kidogo tu, na nani atajua? Mchapaji wa mji mdogo mwenye mashine kuukuu na karatasi ya bei rahisi aliweza kutoa tangazo lililojaa, jeusi, lisilo na aibu. Cooper mwenyewe aliitania kazi yake akisema inawafaa wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali.

Wachapaji wa shule ya kale hawakucheka. Waliiona kama balaa jeusi linaloingia kwenye kurasa, wakalalamika kwamba tangazo moja lenye fonti hii linazima yote yaliyo jirani. Malalamiko hayo yalikuwa sahihi kabisa, na ndiyo sababu watangazaji waliinunua. Washindani wakakimbilia kutoa za kwao: kampuni ya Ludlow ikaja na Ludlow Black, na kampuni ya Lanston Monotype ikamwendea Goudy, yule yule mwalimu wa Cooper, naye mwaka 1925 akatoa Goudy Heavyface. Mwalimu kuagizwa amwige mwanafunzi ni jambo la kusikitisha kidogo, na matokeo yanaonyesha. Goudy Heavyface ni nzito, ni ya mkono hodari, lakini imebaki na ukali kwenye ncha zake. Imenenepa bila kulegea. Cooper alikuwa amelegeza na kunenepesha kwa pamoja.

Hadi hapa tumezungumzia fonti ya miaka ya 1920, na hakuna nilichokisema kinachoihusisha na suruali bwanga, nywele za afro na sahani za muziki. Mtu wa leo akioneshwa Cooper Black atakwambia ni ya miaka ya 70. Je, umbo lilibadilika? Hapana. Kilichobadilika ni nafasi.

Herufi ya risasi hukaa juu ya kipande cha risasi hiyo hiyo chenye kingo, na kingo za herufi mbili zikikutana haziwezi kuingiliana. Kuna weupe kati yake, upende usipende. Miaka ya 1960 kazi ya kupanga vichwa vya habari ilihamia kwenye picha: herufi zilipigwa kwa mwanga kwenye filamu, na fundi akaweza kuzisogeza hadi zigusane, hata zipandane. Letraset, zile karatasi za plastiki ambazo herufi zake ziliachia unaposugua kwa ncha ya kalamu, zilimpa uhuru huo hata asiye na mashine. Fonti nyingi zilibanwa miaka hiyo na nyingi ziliumia, kwa sababu serifu kali zikigusana hufanya vifundo vibaya. Cooper Black ilistawi. Miguu yake ya mviringo inapokutana, inalaliana bila vita. Weupe uliobaki kati ya herufi unakuwa mdogo sawa na weupe ulio ndani ya herufi, na neno zima linageuka kitu kimoja chenye mawimbi juu na chini. Sura ya miaka ya 70 tunayoipa fonti hii imo kwenye mbano huo. Chukua Cooper Black ile ile, ipange kwa nafasi pana kama wachapaji wa Chicago walivyolazimika kuipanga, na utaona tangazo la dukani la mwaka 1925, lisilo na ngoma wala taa za rangi.

Jalada la Pet Sounds, albamu ya kundi la The Beach Boys ya mwaka 1966, ndilo linalotajwa kila mara, na linastahili. Picha inawaonyesha vijana wakilisha mbuzi katika bustani ya wanyama ya San Diego. Si picha nzuri sana, tuseme ukweli. Juu yake kuna ukanda wa kijani, na ndani ya ukanda huo yamepangwa jina la kundi, jina la albamu na majina ya nyimbo, yote kwa Cooper Black iliyobanwa. Kinachonivutia ni kwamba orodha ya nyimbo imepewa herufi zile zile za jina kuu, ila ndogo zaidi. Mpangaji mwangalifu angetafuta fonti nyembamba kwa orodha. Hapa maneno yote yanasukumana ndani ya ukanda mmoja, na uzembe huo, ukitaka kuuita uzembe, unalingana na picha ya mbuzi wanaogombania chakula kuliko unavyolingana na muziki wenyewe, uliorekodiwa kwa uangalifu wa sonara.

Vijana wa New York waliobandika majina yao kwenye fulana kwa pasi, kwa herufi zile zenye manyoya ya mahameli, waliipenda kwa sababu ya kawaida zaidi. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka fulana ikifuliwa, na herufi ya mviringo haina kona. Sehemu kubwa ya historia ya fonti hii imeamuliwa na mambo ya namna hiyo, wino na nguo, kabla mhakiki hajafika na kamusi yake.

Kisha kuna easyJet. Kampuni hiyo ya ndege ilianza safari zake Novemba 1995 kutoka Luton, Uingereza, na ndege zake za mwanzo zilichorwa ubavuni namba ya simu ya kukatia tiketi, kubwa, ya rangi ya chungwa. Ndege nzima ilikuwa bango. Jina liliandikwa kwa Cooper Black, kwa herufi ndogo isipokuwa J iliyoinuka katikati. Mashirika ya ndege wakati huo yalipenda herufi zilizolala mbele kuashiria mwendo, au nembo zenye mbawa na taji. Cooper Black haiendi popote. Mlalo wake ni wa kurudi nyuma, na uzito wake wote uko chini. Kuchagua herufi nzito namna hii kwa chombo kinachopaswa kupaa kungeweza kuonekana wazimu. Lakini ujumbe wa kampuni haukuwa kupaa. Ulikuwa bei, na Cooper Black ilikuwa na miaka zaidi ya 70 ya kuuza vitu vya bei nafuu bila kujifanya. Hapo umbo halikubeba maana ya kuruka hata kidogo. Lilibeba sauti ya muuzaji, na abiria waliisikia. Siupendi mwonekano wenyewe, chungwa lile linaumiza macho, ila sioni mahali ambapo hoja yake imepindishwa.

Miaka ya karibuni fonti nene laini zimerudi kwa wingi. Recoleta ya Jorge Cisterna, iliyotoka mwaka 2018, imechota wazi wazi kutoka kwa Cooper, na ni kazi ya heshima, ingawa imetumika kwenye kila sabuni na kila duka la kahawa hadi imechosha. Burger King walipojibadilisha mwaka 2021 walijichongea fonti yao, Flame, iliyochorwa kwa makusudi ifanane na chakula: imejaa, imeviringika, inaonekana laini kuitafuna. Hapo tofauti na Cooper Black inajitokeza vizuri. Flame inajua kwamba inachekesha. Imekuja na tabasamu tayari, na baada ya kuitazama mara chache tabasamu linakuwa la mhudumu aliyeagizwa kutabasamu. Cooper Black ina uso mkavu. Inakuambia neno lako kwa utaratibu wote wa kitabu, na kicheko kinakuwa chako.

Je, kwa Kiswahili? Fonti hii imekuwamo kwenye Office ya Microsoft kwa muda mrefu, kwa hiyo imo kwenye kompyuta ya kila steshenari, jirani na ile Algerian iliyojaa kwenye vyeti vyetu. Inatumika, na mara nyingi inatumika vibaya, na ubaya huo unaweza kuelezwa kwa umbo la maneno yetu yenyewe.

Maneno ya Kiswahili yamejaa irabu, na katika irabu tano ni i pekee inayochomoza juu, kwa nukta yake. Cooper Black nayo ina mwili mkubwa wa kati, na mikia yake ni mifupi. Andika wanaume kwa herufi ndogo za Cooper Black: hakuna kinachopanda, hakuna kinachoshuka, w, n na m zinamwaga miguu minene mfululizo, na unachopata ni ukanda mweusi wenye vitobo. Wananchi inaokolewa na h na nukta ya i tu, mwishoni kabisa. Sasa andika pilipili. P inashuka, i ina nukta, l inapanda, tena, tena, na neno linapata mapigo ambayo hakuna mchoraji aliyeyapanga. Ningependa kuliona kwenye chupa ya achari siku moja. Karibu linakaa vizuri, k mwanzoni na b karibu na mwisho zikishika ncha mbili. Chapati linakaa vizuri zaidi. Anayebuni nembo ya mgahawa afadhali aandike jina kwanza, atazame vichomozo vyake, ndipo aamue.

A ndogo ndiyo mtihani mgumu zaidi, maana kwetu inarudi kila mara, na mara nyingi inafunga neno. A ya Cooper Black ina tumbo dogo kuliko herufi karibu zote. Kwenye bango la mita tatu ni nzuri mno. Kwenye kadi ya harusi iliyopigwa fotokopi, tumbo linaziba na sentensi nzima inajaa madoa yanayojirudia.

Halafu ng'. Alama ile ya juu katika Cooper Black ni tone nene linaloning'inia juu, na chini yake linabaki pengo kubwa kati ya g na herufi inayofuata. Katika neno ng'ombe pengo hilo ni pana kuliko nafasi nyingine zote za neno, na buchani kuna hatari ya kusomeka maneno mawili. Programu haitalirekebisha yenyewe. Ni lazima uisogeze o kwa mkono iingie chini ya tone, na ukifanya hivyo kwa subira, tone linakaa juu ya bega la o kana kwamba lilizaliwa pale. Wengi hawafanyi. Huacha pengo, au huweka kile kistari kilichonyooka cha kibodi, kilichokonda kati ya wanene.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, kisha kuivuta kwa kipanya ijaze upana wa bango. Herufi kubwa za Cooper Black zilichorwa kuanzisha neno. Zikisimama peke yake zote, mawimbi ya juu na chini yanapotea, nafasi zinapishana ovyo kwa kuwa L na T zina mapengo ambayo O na D hazina, na ule mlegeo wa mstari unaonekana kama uzembe wa fundi. Ukiivuta kwa upana, unaharibu jambo la msingi zaidi: unene wa kusimama unaongezeka, unene wa kulala unabaki palepale, mlalo wa matundu unabadilika, na ile kazi yote ya kuongeza mwili bila kupoteza mkono wa kalamu inafutwa kwa sekunde mbili.

Tarakimu nazo zinataka tahadhari. Tazama 3, 6 na 8 zikiwa kwenye bango la bei upande wa pili wa barabara, nawe uko dirishani ndani ya daladala. Matundu ya 8 ni madogo kiasi kwamba kwa mbali yanazimika, mdomo wa 3 unafumba, na 6 inabaki donge lenye kichwa. Jina la duka liandikwe kwa Cooper Black, kwa herufi ndogo, zilizobanwa, kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu. Bei ningeipa fonti nyingine, nyembamba, yenye matundu wazi, hata kama mwenye duka atasema havifanani.